Fundi aliniuliza "nishike wapi?" Uzi wa kujifunza kuchora injini ndogo kwa kompyuta nikiwa Mwanza

FundiBaridi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, wenye haraka mnisamehe.

Mimi ni fundi majokofu, makazi Nyegezi, arobaini nimeshaivuka. Ugali wangu unatoka kwenye kompresa na gesi. Lakini nina ugonjwa mwingine usio na dawa: injini ndogo za mvuke, zile za kukaa kiganjani, silinda moja, pistoni, krenki (mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) na flaiwili (gurudumu zito la kutunza mzunguko), unazipa upepo zinazunguka. Ulinianza utotoni, baba akinipeleka bandarini kumpokea shangazi anayekuja na MV Victoria kutoka Bukoba. Wenzangu walikodolea macho mikungu ya ndizi ikishushwa. Mimi nilikuwa nachungulia mlango wa chumba cha mashine.

Injini yangu ya kwanza niliichora kwenye karatasi ya daftari, nikaikata kwa msumeno na tupa. Ilivuja upepo kila mahali. Ya pili ilizunguka nusu, ikagoma. Nikajiambia tatizo ni mchoro, sio mkono, ndipo nikaingia kwenye CAD, yaani kuchora kwa kompyuta.

Programu kwanza, maana najua ndilo swali litakalokuja. Nilianza na Fusion ya Autodesk. Ni nzuri, na kwa mtu wa burudani inatolewa bure, ila unaruhusiwa michoro 10 tu ya kuhariri kwa wakati mmoja, na kazi yako inakaa kwenye seva zao. Bando likiisha na wewe umeisha. Nikahamia Onshape, inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, lakini ukitumia ya bure michoro yako inaonekana na dunia nzima. Sina siri yoyote, nilikuwa naona aibu tu. Mwisho nikatua FreeCAD. Unaipakua mara moja (nilienda kwa rafiki mwenye waifai, ni mamia ya megabaiti), baada ya hapo unachora hata intaneti ikifa wiki nzima. Laptopu yangu ni mtumba, ramu gigabaiti 8, inatosha. Chukueni toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024, au la baada yake. Kwenye matoleo ya zamani ukirudi kubadilisha mchoro wa mwanzo, programu ilikuwa inasahau ni ukingo upi uliouviringisha, na kazi yote ya mbele inavunjika. Iliniharibia nguzo nzima ya injini saa saba usiku, nikalala na hasira.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa video. Wiki tatu naangalia Mzungu anachora bamba lenye matundu manne, na mimi nachora bamba lenye matundu manne. Video ikiisha, mbele ya skrini nyeupe sijui hata pa kuanzia. Siku moja umeme umerudi, mke wangu anashona, nikatazama lile gurudumu la cherehani. Nikalivua (kwa ruhusa, jamani), nikachukua vania, nikalipima lote, nikalichora. Usiku mmoja huo ulinifundisha kuliko wiki zote tatu, kwa sababu kila nilipokwama jibu lilikuwa mkononi mwangu. Gurudumu lenyewe ni chuma cha kusubu, zito, kipenyo kizuri. Mnaojua mnajua kwa nini nililitamani.

Jambo la pili la kuzoea ni masharti. Kwenye karatasi ukichora mstari umechora. Kwenye skechi ya kompyuta mstari ni mbuzi asiyefungwa: ukivuta huku, unahamia kule. Inabidi umwambie huu ulale, huu usimame, hii duara igusane na ule mstari, kutoka hapa hadi pale ni 40. Ukishafunga kila kitu, FreeCAD inageuza skechi yote kuwa ya kijani. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Nikaja kugundua inaniuliza swali ambalo daftari halijawahi kuniuliza: hiki kipimo kinategemea nini?

Injini niliyochagua ni silinda ya kuyumba, rahisi kuliko zote, haina valvu. Silinda imeshikwa na pini moja kwenye nguzo. Krenki ikizunguka, silinda inayumba kushoto na kulia, na tundu lake linapita mbele ya matundu mawili ya kwenye nguzo, moja la kuingiza upepo na moja la kuutoa. Hesabu yake ni hii. Mwendo wa pistoni 16 mm, kwa hiyo krenki 8. Kutoka kwenye pini hadi katikati ya shafti 40. Gawanya 8 kwa 40 unapata 0.2, ndiyo sini ya pembe ya kuyumba, kama nyuzi 11 na nusu. Tundu la silinda liko 16 mm kutoka kwenye pini, basi linasogea 16 × 0.2, yaani 3.2 mm kila upande, na hapo ndipo matundu ya nguzo yanapokaa. Sasa biti ikizidi 3.2, silinda ikiwa katikati tundu lake linagusa yote mawili, upepo unaingia huku na kutokea kule bila hata kumsalimia pistoni. Ile injini yangu ya kwanza niliitoboa kwa biti ya 4. Miaka miwili nalaumu gasketi!

Safari hii nimetumia 2.5. Na vipimo vyote nimeviweka kwenye jedwali la ndani ya FreeCAD, kila kimoja na jina lake, skechi zinasoma kutoka humo. Nikabadilisha mwendo wa pistoni kutoka 16 kuwa 20, ile 3.2 ikawa 4.0 yenyewe, krenki ikakua, nguzo ikafuata. Nilikaa naitazama kama mtoto aliyepewa betri.

Basi nikaprinti, nikapanda daladala hadi Nyakato kwa fundi mmoja mzee wa mashine ya kukereza. Akavaa miwani. Akaigeuza karatasi ya silinda mara mbili. Akasema, "Kijana, umechora vizuri sana. Sasa nishike wapi?"

Wakuu, nilikosa jibu. Silinda yangu nilikuwa nimeiviringisha kila kona, laini kama sabuni iliyotumika. Hakuna uso hata mmoja bapa wa kubana kwenye chaki, yale meno ya mashine yanayoshika kipande. Na ile sehemu ya pini niliitoa nje kama chunusi, kwa hiyo ili uipate lazima ukereze chuma chote kinachoizunguka. Kwenye nguzo nilikuwa nimeweka mfuko wenye kona kali za ndani, akaniuliza nimpe biti ya mraba.

Akanionyesha: anza na kipande cha mraba cha shaba ya njano, 20 kwa 20. Kibane kwenye chaki ya meno manne, toboa silinda. Uso mmoja bapa uache bila kuuchezea, huo ndio utakaosuguana na nguzo, na pini itoboe kwa kuupima kutoka kwenye huo huo uso. Silinda na uso visipokuwa sambamba, injini haizunguki hata uiombee.

Nikarudi nyumbani nikafuta kila kitu. Siku hizi naanza na gogo, kila hatua kwenye mti wa FreeCAD (ile orodha ya hatua) ni kitu ambacho fundi atakifanya kweli, kwa mpangilio huo huo: bana, toboa, geuza, kata. Ukiniona naviringisha kona, jua ni hatua ya mwisho na nitaifanya mwenyewe kwa tupa.

Nimemaliza. Wenye uzoefu karibuni, wenye maswali karibuni.

Kijiwe_Mabatini

Mkuu nimesoma yote hadi chini natafuta hela iko wapi. Sijaiona.

FundiBaridi

Haipo mkuu. Wengine Jumapili wanaangalia mpira, kuna anayewalipa?

TepuNaDai

Uzi wa maana huu. Niongeze la nati na bolti, maana ndipo wengi tunapofia. Michoro mingi mizuri ya injini hizi ni ya Kiingereza au ya Kimarekani, vipimo vya inchi. Ile Stuart 10V kwa mfano, maarufu sana kwa wanaoanza, silinda ni robo tatu ya inchi na mwendo robo tatu. Ukizidisha kwa 25.4 unapata 19.05. Usiichore 19.05! Hiyo 0.05 haina kazi, chora 19 au 20 kulingana na biti au rima (ya kusawazisha tundu) uliyonayo, halafu pistoni ikereze ifuate silinda.

Nyuzi za bolti za Waingereza ni za BA, vipimo vyao vya bolti ndogo. Huku hutazipata, usihangaike. 5BA ni kama 3.2 mm, weka M3 (bolti ya milimita 3). 4BA ni 3.6, weka M4 kama nafasi inaruhusu au shuka M3. Tepu (ya kukata nyuzi ndani ya tundu) ya M3 biti yake 2.5, M4 biti yake 3.3, M5 biti yake 4.2. Ziandike kwenye mchoro kabisa, fundi asikisie. Madukani mjini bolti zinaanzia kubwa kubwa, M6 na kuendelea. M3 nazitoa kwenye kompyuta mbovu, zile skrubu zinazoshika tundu la sidii. Mafundi kompyuta wanazo makopo na makopo, wanakupa bure ukiwanunulia soda.

Binti_Ramani

Nachora ramani za nyumba mwaka wa tisa sasa, nina neno na mleta uzi.

Kwanza hongera. Pili, kaka, umeenda na tingatinga kuua mende. Injini ina vipande kumi na kidogo, vyote ni mraba na duara. Hiyo ni kazi ya mchoro bapa. Chukua LibreCAD au QCAD, ni nyepesi, laptopu yoyote inaivuta, jioni mbili umemaliza, fundi anapata karatasi ile ile. Watu wanakimbilia maumbo ya kuzungushazungusha kwa sababu yanapendeza kwenye skrini. Fundi hakerezi skrini.

Tatu, na hili ni zito: kwenye karatasi zako umetumia mpangilio gani wa sura, wa Kiingereza au wa Kimarekani? Maana hukusema.

FundiBaridi

Dada, la kwanza nakupa nusu. Kwa silinda peke yake uko sahihi. Lakini ile 3.2 iliyojibadilisha kuwa 4.0, kwenye mchoro bapa ningeifuta kwa mkono sehemu nne na ningesahau moja. Najijua.

La tatu umenigusa kwenye kidonda. Michoro niliyojifunzia ni ya Kimarekani, nikaona FreeCAD inapanga sura kinyume na nilivyozoea, nikaingia kwenye mipangilio nikabadilisha ifanane na yao. Kumbe fundi wangu alisomea wa Kiingereza. Kwa Kimarekani, sura unayoiona ukisimama kulia inawekwa kulia. Kwa Kiingereza inawekwa kushoto, kama vile umekibingirisha kitu juu ya karatasi. Fundi akasoma sura ya kulia akidhani ameitazama kutoka kushoto. Nguzo ikatoka safi kabisa, vipimo vyote sahihi, ila ni ya kwenye kioo: tundu la bomba liko upande wa pili.

Binti_Ramani

😂😂 Nilijua tu. Ndiyo kazi ya ile alama ya koni iliyokatwa, na miduara yake miwili pembeni. Inakaa kwenye kibandiko cha chini kulia. Watu wanaiona ni urembo.

La 3.2 kuwa 4.0 nakubali. Ila bado ni tingatinga.

Mzee_wa_Kalka

Wanangu hamjambo. Mmenikumbusha mbali.

Mimi nimechora katika karakana moja ya vyombo vya majini kabla ya kompyuta kufika. Ti-skwea, kalamu za wino, karatasi ya kalka. Ukikosea unakwangua wino kwa wembe, taratibu, ukitoboa kalka umeanza upya. Nakala zilikuwa zinatolewa kwa mashine ya amonia, harufu yake unarudi nayo nyumbani mama watoto anakuuliza umepitia wapi.

Huyo kijana ameitaja MV Victoria. Je, mnajua imefikaje ziwani? Ziwa hili halina njia ya meli kutoka baharini. Iliundwa Glasgow, Scotland, kwenye karakana ya Yarrow, ikafungwa kwa bolti, ikafunguliwa tena, vipande vikasafirishwa hadi Kisumu, ndipo ikaunganishwa na kuingia majini. Ilianza kazi mwaka 1961. Na Liemba ya Ziwa Tanganyika ni hivyo hivyo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaja Dar es Salaam ndani ya masanduku, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaelea 1915. Fikirieni bamba moja limepotoshwa tundu lake kwa nusu inchi, na aliyelitoboa yuko Ulaya. Aliyechora na aliyeunganisha hawakuonana. Mchoro ni barua, mwanangu, na anayeisoma hawezi kukupigia simu. Ninyi mnaweza, ndiyo maana mnachora ovyo.

Sasa mawili ya kazi. Kwanza, vipimo vyote vipimwe kutoka uso mmoja. Nawaona vijana wanafunga mnyororo: tundu la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu. Matundu matano, kila moja fundi akikosea 0.2, la mwisho limehama milimita nzima. Chagua uso mmoja, kila kitu kihesabiwe kutoka hapo.

Pili, mleta uzi anaendesha kwa upepo, afadhali. Asubuhi atakuja mtu hapa kutaka kutengeneza boila kwa mtungi wa gesi au kopo la maziwa. Msithubutu. Boila hata iwe ya ukubwa wa chupa ya chai inajazwa maji baridi hadi juu, hewa yote itoke, inasukumwa kwa pampu hadi mara mbili ya presha ya kazi kabla haijaonja moto. Maji yakipasua bomba unalowa. Mvuke ukipasua unazikwa.

FundiBaridi

Shikamoo mzee wangu. Nimerudi kwenye nguzo, nimeukuta mnyororo wa vipimo vinne. Nimeuvunja. Wabeja sana.

Msukuma_Original

Mimi nitakuwa mtu mbaya. Fundi wa kweli hachori. Nenda Igombe kawaangalie wanaounda mitumbwi, hakuna karatasi, hakuna kompyuta, jicho na kamba. Chombo kinaenda Ukerewe kinarudi miaka kumi. Haya mambo ya kijani na nyekundu ni ya watu wasio na mikono.

Mwana_Ukara

Mkuu wa juu, baba yangu ni mmoja wa hao unaowasema, na nakubali nusu. Mzee anaweka mkuku, anapinda ubao wa kwanza, anarudi nyuma hatua tano anatazama, anasema "bado". Mataruma anayakata baada ya umbo kuwepo tayari. Lakini muulize akutengenezee mtumbwi uleule mara ya pili. Hautafanana. Na sasa macho yamechoka, hakuna aliyeandika kitu. Kilichonileta kwenye uzi ni hicho: nataka kuuingiza mtumbwi wake mmoja kwenye kompyuta, kisha niutengenezee mfano wa nusu mita. Naanzia wapi?

Mzee_wa_Kalka

Hapo sasa. Unyanyue mtumbwi ukae sawa kwenye magogo, tumia pima maji. Funga kamba iliyokazwa juu katikati, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), hiyo ndiyo mama wa vipimo vyote. Kila baada ya nusu mita weka alama. Kwenye kila alama dondosha timazi, pima kutoka kambani kwenda ubaoni, juu, katikati na chini, upande mmoja tu. Upande wa pili utaugeuza. Kwenye omo, umbo linapobadilika haraka, pima kila robo mita.

FundiBaridi

Na ukifika kwenye kompyuta: kila alama ni skechi moja ya umbo la ubavu, unazipanga kwa umbali wake, halafu unaiamuru programu ivute ngozi kupita zote. Onyo kutoka kwa aliyeungua: kila skechi iwe na idadi sawa ya nukta. Ubavu wa kati ukiwa na nukta saba na wa omo nne, ngozi inajinyonga kama shuka lililokamuliwa. Kwa mfano wa nusu mita, mtumbwi wa mita 8 unaugawa kwa 16. Ubao wa milimita 24 utakuwa 1.5. Sijui mbao ya hivyo utaipasua vipi, ila za maboksi ya matunda ziko karibu.

Msukuma_Original

Sawa. Ila baba yako ndiye fundi, wewe ni karani wake.

Mwana_Ukara

Ukarani huo ndio ninaoutaka.

Mwanachuo_Nyakato

Wakuu shikamooni. Laptopu yangu ina ramu gigabaiti 4, FreeCAD inafunguka ila inatambaa. Pia chuoni kuna printa ya 3D, naweza kuprinti hiyo injini nikakwepa fundi?

TepuNaDai

Jaribu SolveSpace. Faili lake ni megabaiti chache, halisakinishwi, unalifungua tu, na masharti linayo kama FreeCAD. Mambo makubwa haliwezi, ila silinda na nguzo linazimeza.

Kuprinti: kwa mvuke sahau, plastiki ya PLA inalegea kwenye nyuzi kama 60. Kwa upepo inaweza kuzunguka. Matundu yatatoka madogo kuliko ulivyochora, yachore pungufu kidogo kwa makusudi halafu yapitishe biti halisi. Mimi printa naitumia kutengeneza kielelezo cha kusubia. Wale wanaosubu masufuria ya alumini wakikupa kisanduku cha mchanga, unakandamiza kielelezo chako, wanamwaga. Alumini inasinyaa kama asilimia 1.3 ikipoa. Flaiwili ya 80: ongeza 2 kila upande za kukereza inakuwa 84, zidisha kwa 1.013, chora 85. Na kingo ziwe na mwinamo wa nyuzi mbili hivi, la sivyo kielelezo kitatoka na mchanga.

FundiBaridi

Ila alumini kwa flaiwili ni nyepesi. Ndiyo maana niliitamani cherehani. Kwa taarifa yenu nimepata gurudumu la mtumba Makoroboi, la nyumbani limerudi mahali pake, ndoa iko salama.

FundiBaridi

Mrejesho, wiki ya tatu.

Injini imezunguka. Niliipeleka kwa jamaa wa pancha hapa Mkolani, akanipa mpira wa kompresa, nikamwomba afungulie kidogo tu. Mara ya kwanza kimya. Nikasukuma flaiwili kwa kidole, ikashika, ikaanza kupiga kelele kama cherehani yenye hasira. Wateja wawili wa bodaboda wakasahau pancha zao.

Kisha nikaifunga kwenye boti yangu ya mbao, sentimita 70, tukaiweka kwenye karai kubwa la kufulia, mpira umeshikwa juu. Boti ikarudi nyuma. Nguzo ya kwenye kioo, mnaikumbuka? Tundu la kuingiza likiwa upande wa pili, injini inazunguka kinyume, propela inavuta badala ya kusukuma. Uzuri wa silinda ya kuyumba ni kwamba ukipeleka upepo kwenye tundu la kutolea inageuza mzunguko. Nikachomoa mpira nikauchomeka kule, ikaenda mbele ikagonga ukingo wa karai.

Shida iliyobaki: inavuja kati ya silinda na nguzo. Nikikaza springi ya pini inaacha kuvuja ila inakuwa nzito, nikilegeza inazunguka vizuri ila inapumua. Nimefika mwisho wa akili yangu.

TepuNaDai

Springi haina kosa, nyuso ndizo haziko bapa. Chukua kioo cha dirisha, weka juu yake msasa wa maji namba 600, tone la mafuta, sugua uso wa silinda kwa kuchora namba nane. Kabla hujaanza upake wote wino wa kalamu: wino ukiisha kila mahali kwa pamoja uko bapa, ukibaki katikati endelea. Kisha uso wa nguzo vivyo hivyo. Malizia na namba 1000. Baada ya hapo futa kila chembe ya msasa, ikibaki humo itakula shaba.

FundiBaridi

Kioo ninacho, cha mlango wa friji. Naanza leo usiku. Nguzo nimeichora upya pia, karatasi nimeibandika hapa chini, fundi ataipata Jumatatu.

Binti_Ramani

Nimeifungua. Vipimo safi, vyote kutoka uso mmoja, mzee atafurahi. Sura umezipanga Kiingereza. Ila kaka, alama ya koni pale chini bado ni ya Kimarekani.

FundiBaridi

Nimeiona. Nabadilisha sasa hivi.